Shujaa Aanzapo Upya

Msomaji wangu, kuanza jambo mara ya kwanza ni kwepesi kuliko kulianza mara ya pili. Aanzaye mara ya kwanza hana la kulinganishwa nalo. Aanzaye mara ya pili hutazamwa kwa macho mawili: jicho moja hutafuta ya zamani yaliyopendwa, na jicho la pili hutafuta mapya yaliyoahidiwa. Akiyashika sana ya zamani huambiwa kwamba hakuanza kitu. Akiyaacha yote huambiwa kwamba si yeye tena. Neno hili ni kweli kwa mtu, ni kweli kwa taifa, na ni kweli hata kwa kitu ambacho wazee wengi hukidhani kuwa ni mchezo wa watoto, yaani vitabu vya picha vya mashujaa wenye nguvu za ajabu. Ni juu ya vitabu hivyo nataka tuzungumze, nami nakuomba usicheke mpaka umefika mwisho.

Mimi ni mkazi wa Likoni, na pwani niijuayo vizuri kuliko zote ni ile iitwayo Shelly Beach, kusini ya kivuko, mahali ambapo meli ziingiazo na zitokazo bandari ya Kilindini huonekana zikipita. Neno hilo la Kiingereza maana yake ni pwani yenye makombe. Maji yakipwa, ukiinama penye vidimbwi vya miambani, utamwona kaa mdogo ambaye nusu ya mwili wake ni laini wala haina gamba. Kaa huyo huishi ndani ya kombe lililoachwa na konokono wa bahari aliyekufa. Akikua, kombe humbana. Basi hutafuta kubwa zaidi, hulipima kwa magando yake, hulichungua ndani, kisha hutoka katika lile la zamani na kuingia katika jipya kwa haraka kuliko kupepesa jicho. Haraka hiyo ina sababu, kwa maana katika kitambo hicho mwili wake u wazi, na ndege yeyote apitaye aweza kumla. Kaa ni yule yule, nyumba ni nyingine. Sijapata kielezo bora kuliko hiki cha kitabu cha picha kianzacho upya, na sasa nitakupa habari za kitabu kimoja ili upime mwenyewe.

Mwaka 1963, katika jiji la New York, kampuni ya Marvel ilitoa toleo la kwanza la kitabu kiitwacho X-Men. Mtungaji alikuwa Stan Lee na mchoraji alikuwa Jack Kirby. Toleo hilo lilitiwa tarehe ya Septemba, miezi mitatu kabla ya Kenya kupata uhuru wake tarehe 12 Desemba. Hadithi ilikuwa juu ya vijana watano waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida. Mmoja alikuwa na mbawa. Mmoja macho yake yalitoa miali ya kuvunja miamba. Mmoja aliweza kujifunika barafu mwili mzima. Mmoja alikuwa mwepesi wa kuruka kama nyani. Na msichana mmoja alisogeza vitu kwa nguvu ya akili yake. Mwalimu wao, Profesa Xavier, mtu wa kiti cha magurudumu, aliwafundisha kuwalinda watu wale wale waliowaogopa na kuwachukia. Hapo ndipo penye kiini cha hadithi, nawe kishike, kwa sababu tutakihitaji mbele: shujaa wa kitabu hiki hachukiwi kwa ubaya alioutenda, huchukiwa kwa jinsi alivyozaliwa.

Kiini kilikuwa kizuri, lakini biashara haikuwa nzuri. Wanunuzi hawakutosha, na baada ya toleo namba 66, mwaka 1970, hadithi mpya zikakoma. Kampuni ikaendelea kutoa kitabu chenye jina lile lile mpaka mwaka 1975, lakini ndani yake mlikuwa na hadithi za zamani zilizopigwa chapa tena. Ilikuwa kama duka ambalo mlango wake u wazi na taa yake inawaka, bali bidhaa zilizomo ni za mwaka juzi.

Mwaka huo wa 1975 likatoka toleo moja kubwa, lililotungwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum. Humo wanafunzi wa zamani wamenaswa katika kisiwa kilicho hai, na mwalimu wao azunguka dunia kutafuta watu wa kuwaokoa. Safari hii hakutosheka na vijana wa aina moja. Alimchukua Mjerumani, Mrusi wa Siberia, Mkanada, Mwairishi, Mjapani, na Mwapache, mmoja wa wenyeji wa asili wa Marekani. Na kutoka Kenya alimchukua mwanamke mwenye nywele nyeupe, jina lake Ororo, aliyeamuru mvua ikanyesha na upepo ukavuma. Jina lake la vitani likawa Storm, yaani Tufani.

Mambo yakageuka. Mtungaji mwingine, Chris Claremont, alishika kalamu mwaka ule ule akadumu nayo hata mwaka 1991, na kitabu kilichokuwa karibu kuzikwa kikawa miongoni mwa vitabu vya picha vilivyouzwa sana Marekani. Ukiniuliza siri yake, nitakujibu kwamba kiini hakikubadilika, ila kilipewa nafasi. Hadithi juu ya watu wachukiwao kwa jinsi walivyozaliwa ilikuwa imefungwa ndani ya vijana watano, wote Wamarekani weupe. Kombe lilikuwa limembana kaa.

Sasa nikueleze jinsi habari hizo za mbali zilivyotugusa sisi. Nalipokuwa mvulana, vitabu hivyo vilifika Likoni vikiwa vikuukuu. Tulivinunua kwa bei ndogo kwa wauzaji wa vitabu mjini, vikavuka feri mikononi mwetu, vikasomwa na mtaa mzima mpaka kurasa zikalegea kama majani ya mgomba. Aghalabu ukurasa wa mwisho haukuwako. Tulikaa pwani chini ya mvinje, kila mmoja akatunga mwisho wake, na mwisho uliopigiwa makofi zaidi ndio uliohesabiwa kuwa wa kweli.

Miongoni mwetu alikuwako mmoja aliyejaliwa mkono wa kuchora. Alichora kwa vipande vya mkaa juu ya ukuta wa chokaa wa nyumba ya nyanya yake. Nami niliona jambo ambalo halijanitoka moyoni mpaka leo. Alipochora shujaa, alipiga mstari wa pembeni tu, ndani akauacha ukuta mweupe. Alipochora mwizi, alimpaka mkaa hata kipande kikaisha. Siku moja nikamwuliza sababu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini bahari ina chumvi, akasema, "Shujaa ndivyo alivyo." Hakusema kwa chuki wala kwa huzuni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na vitabu vilikuwa vimemfundisha vizuri.

Kisha kitabu kimoja chenye Storm kikatufikia. Rafiki yangu alikodolea macho ukurasa mmoja muda mrefu, hata tukamgombeza kwa kutuchelewesha. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini palikuwa na neno moja ambalo halikuhitaji kamusi, nalo ni Kenya. Kesho yake tulikuta picha mpya ukutani. Mkaa ulikuwa umepakwa tele, na mara hii haukupakwa kwa mwizi. Nywele peke yake ndizo zilizoachwa nyeupe. Tena mchoraji alikuwa ameongeza kitu kisichokuwamo kitabuni: badala ya joho, alimvika shujaa leso mbili, moja kiunoni na moja mabegani, na ile ya mabegani ilikuwa ikichukuliwa na upepo. Nyanya yake, ambaye desturi yake ilikuwa kuamuru kila picha ifutwe kabla ya magharibi, aliitazama hiyo kwa muda, akaingia ndani asiseme neno. Picha ilikaa pale mpaka mvua za masika zilipoifuta.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba ni upuuzi kujali nani amewekwa na nani ameondolewa katika kitabu cha picha, usimbishie kwa ukali, lakini usimwamini. Mtoto hujifunza sura ya ushujaa kabla hajajifunza maana yake. Watu wa New York walipolipanua kombe la hadithi yao, yamkini walifikiri juu ya wanunuzi tu. Hata hivyo mkaa wa mtoto mmoja wa Likoni ulibadilisha kazi yake.

Lakini mizani ina pande mbili, nami sitaki kuutazama mmoja. Kenya iliyochorwa katika toleo lile la mwaka 1975 ilikuwa nchi ya watu wanaoangamia kwa ukame, waliomwabudu Ororo kama mungu ili awape mvua. Kenya iliyokuwako mwaka ule ilikuwa na chuo kikuu, ilikuwa na bandari iliyopokea meli za dunia nzima, tena ilikuwa na vitabu vyake vya picha. Tangu mwaka 1973 jarida la ucheshi lililoitwa Joe, lililoanzishwa Nairobi na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, lilikuwa likichora maisha ya mtu wa kawaida wa mjini, taabu zake na vicheko vyake. Mkenya aliyechorwa Nairobi na Mkenya aliyechorwa New York waliishi katika miaka ile ile, lakini wangalikutana njiani wasingalijuana.

Siku si nyingi zilizopita, vijana wawili wa jirani, ndugu na dada, walinijia na ubishi wao. Walikuwa wamesoma matoleo mapya ya Storm katika simu, wakataka niwaamue. Msichana, aliye kidato cha tatu, alisema, "Mjomba, huyu wamwita Mkenya, tena ni bibi wa pepo zote. Mbona hajataja kusi wala kaskazi hata siku moja?"

Kaka yake akamjibu kwamba Storm hana lawama, kwa kuwa alizaliwa New York. Mama yake ndiye aliyekuwa Mkenya, baba yake alikuwa Mmarekani, naye alikulia Cairo baada ya kufiwa na wazazi wote wawili. Hayo ni kweli kitabuni. Asili yake ilielezwa hivyo mwaka 1976.

"Basi na afundishwe," msichana akasema. "Atakaye kutawala upepo na aulizie jina lake kwanza."

Sikuweza kuwaamua, kwa sababu wote wawili walikuwa na haki. Nilitazama baharini. Ulikuwa msimu wa kusi, mawimbi yalikuwa yameumwaga mwani pwani nzima, na wavuvi wa mashua ndogo walikuwa wamezivuta juu wakizitengeneza. Kila mvuvi pale ajua kwamba upepo una tabia, una miezi, una heshima yake. Ni elimu ya karne nyingi, iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na kuyarudisha. Kitabu chenye shujaa wa pepo aliyetolewa Kenya kingeweza kuipata elimu hiyo bure, lau mtungaji wake angalijua kwamba iko.

Hata hivyo kalamu haikusimama mahali pamoja. Mwezi wa Julai 2024 kitabu cha X-Men kilianzishwa upya tena kutoka namba 1, na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Storm akapata kitabu chake peke yake. Mtungaji wake ni Murewa Ayodele, Mnaijeria, na mchoraji ni Lucas Werneck, Mbrazili. Yapata miaka 49 ilipita tangu shujaa huyu kutolewa Afrika kwa mawazo ya watu wa New York mpaka alipokabidhiwa kwa mtungaji wa Afrika. Safari hiyo ni ndefu, na haijafika mwisho, lakini imekwenda.

Hapa yanipasa kukuonya kidogo, msomaji wangu, usije ukadhani kwamba kila kitu kianzacho upya huanza kwa ajili ya heri. Namba 1 juu ya jalada ni chambo cha zamani katika biashara hii. Mwaka 1991 Marvel ilianzisha kitabu cha pili chenye jina la X-Men, na toleo lake la kwanza likauzwa nakala zaidi ya milioni 8, hesabu ambayo haijapata kufikiwa na kitabu kingine cha picha cha namna ile. Lilitolewa kwa majalada matano mbalimbali, kwa hiyo mtu mmoja aliweza kununua hadithi moja mara tano. Wengi walinunua ili waweke akiba, wakitumaini kwamba bei itapanda. Lakini kitu kilichowekwa akiba na kila mtu hakiwi adimu, na kisicho adimu bei yake haipandi. Soko likaporomoka, na mwezi wa Desemba 1996 kampuni yenyewe ikakimbilia mahakamani kujikinga na wadeni wake. Jalada jipya haliwezi kufanya kazi ya hadithi. Kombe tupu, hata likipambwa, halitembei.

Wala usidhani kwamba ufundi wa kuanza upya ni wa wageni peke yao. Pwani yetu ilikuwa na shujaa mwenye nguvu za ajabu kabla ya kuwako Marvel, naye ni Fumo Liyongo, ambaye kaburi lake huonyeshwa Kipini. Kisa chake kilisimuliwa kwa mdomo vizazi kwa vizazi. Edward Steere alikitia katika kitabu cha hadithi za Waswahili mwaka 1870. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu alikianza upya kwa utendi. Tangu hapo kimeandikwa tena kwa wanafunzi mara nyingi. Katika kila mkono kuna kilichopunguzwa na kilichoongezwa, lakini kiini hakiguswi: shujaa asiyeshindwa na adui huuawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni, naye hufa amepiga goti na upinde mkononi, hata watu waogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Atakayemtungia Liyongo kifo kitandani hatakuwa ameanza upya. Atakuwa ameanza kitu kingine. Na Abunuwasi, yule mjanja wa hadithi za kale, alipata mwili mpya katika miaka ya 1990, mchoraji Gado alipomtia katika kitabu cha picha cha Kiswahili kilichotolewa Nairobi na Sasa Sema. Wazee waliozijua hadithi kwa masikio wakaziona kwa macho.

Kutokana na haya yote nimepata maswali matatu ya kukiuliza kila kitabu kiletwacho kwako kwa jina la upya. La kwanza: je, kiini kimesalia? La pili: je, nyumba imepanuliwa ili waingie waliokuwa nje, au imepakwa rangi tu ili iuzwe tena? La tatu, nalo ndilo zito: ni nani aliyeshika kalamu, na anamjua kwa kiasi gani yule anayemchora? Kitabu kikijibu vema maswali hayo, kisome kwa furaha, wala usione haya mbele ya mtu yeyote. Kikishindwa, kisome pia ukitaka, lakini ukijua unachosoma.

Kisha baada ya kusoma, chukua daftari. Nasema nawe uliye Likoni, au Kisauni, au Changamwe, au mbali kuliko huko. Usingoje mtu wa ng'ambo akuletee picha ya kwenu. Rafiki yangu wa ukuta wa chokaa hakuwa na karatasi wala mwalimu wa kuchora; leo ni mtu mzima, naye hujipatia riziki kwa kuandika majina na kuchora picha juu ya magari ya abiria. Pengine angalipata mtu wa kumwambia kwamba ile leso aliyoiongeza ilikuwa na thamani kuliko joho alilolitoa, tungalikuwa na kitabu chake leo mikononi mwetu. Mimi nakuambia wewe kwa kuwa ungali shuleni na kalamu unayo. Andika shujaa wako, mpe jina la kwenu, na upepo wake uutaje kwa jina lake.